Nafufua Land Rover 109 iliyotelekezwa Mbulu: chesisi kwanza, injini baadaye

Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Nimechukua Land Rover Series III, 109 (ndizo inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma), ya mwaka 1982, dizeli ya lita 2.25, bodi ya pikapu. Ilikuwa ya parokia moja kule Mbulu. Iliharibika, ikasukumwa nyuma ya stoo, ikaachwa hapo masika baada ya masika mpaka nyasi zikatokeza kwenye sakafu ya dereva. Nafungua uzi huu kwa sababu picha za "kabla" na "baada" zimejaa mtandaoni, ila kazi ya katikati, ile ya kulala chini ya gari na kuamua kipi kikatwe na kipi kibaki, haiandikwi kwa Kiswahili. Nitaandika kadiri kazi inavyokwenda. Wenye uzoefu mniongezee.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Land Rover nyingi za zamani zinamalizwa na matengenezo yaliyoanzia pasipostahili. Mtu akishanunua tu anakimbilia injini ya Toyota, halafu rangi, halafu rimu pana na taa za juu ya kichwa. Hela inaisha chesisi bado imeoza, na siku moja korongoni gari inakunjika katikati na rangi yake mpya. Mwenye bajeti ya kuungaunga aanze na karatasi, kisha chesisi, ukuta wa mbele (ule unaotenganisha injini na dereva), breki na usukani. Injini ifuate. Rangi iwe ya mwisho kabisa.

Kuhusu karatasi: kabla ya kutaja bei niliomba kadi, nikaingia chini ya gari na tochi. Namba ya chesisi ya Series III imegongwa kwenye chuma cha chesisi mbele, upande wa kulia, nyuma ya bampa pale springi inapofungwa. Huwa imefunikwa na tope na rangi za miaka mingi. Piga brashi ya waya taratibu, futa kwa mafuta ya taa, mulika tochi kwa ubavu, tarakimu zitajitokeza. Zisipolingana na kadi, achana nayo hata kama roho imeshaipenda, maana TRA (mamlaka ya mapato) hutahamisha umiliki na trafiki akiamua kukagua huna la kumwambia. Wengi wanaogopa magari yaliyolala kwa sababu ya madeni ya ada ya mwaka, ile ya stika ya kwenye kioo. Ada hiyo ilifutwa kwenye bajeti ya 2017/18 ikahamishiwa kwenye bei ya mafuta, kwa hiyo hilo lisikuzuie.

Mleta uzi

Sasa chesisi.

Chesisi ya 109 ni boksi refu la chuma, mabati manne yaliyochomelewa kwenye kona. Inaozea ndani. Nje unaona rangi safi, ndani kumejaa tope linaloshika maji mwaka mzima, kwa hiyo macho hayatoshi. Shika nyundo ndogo, anzia mbele, gonga kila baada ya inchi chache mpaka nyuma, pande zote pamoja na chini. Chuma kizima kinalia na kinairudisha nyundo mkononi. Kilichooza kinatoa mlio mfupi, mzito, na nyundo inabaki palepale au inazama. Nilikuwa nagonga, kijana wa gereji ananifuata na chaki.

Mihimili miwili mikuu ni mizima kwa sehemu kubwa, na hapo ndipo nilipofurahi, kwa sababu mihimili ikiwa imekwisha, hesabu inabadilika kabisa. Mtambaa wa nyuma, ule wenye ndoano ya kuvutia tela, niliugonga mara moja ukamwaga unga mwekundu uliojaa mkono wa shati. Mikono ya pembeni, ile inayotoka kwenye mihimili kubeba bodi, ndiyo ilikuwa hali mbaya zaidi. Wa kulia unabeba tangi la mafuta, maana kwenye pikapu tangi liko chini ya kiti cha dereva, na tope likinasa juu yake halitoki. Huo tumeukata wote.

Uzuri wa gari hii ni kwamba imefungwa kwa boliti. Tumeivua madigadi, milango, bodi ya nyuma na sakafu kwa spana. Boliti zilizoganda tuliziloweka dizeli usiku kucha, asubuhi tukapasha nati kwa gesi, nati inatanuka, inaachia. Pini za springi ndizo zilizotutoa jasho. Bushi zake zimeingizwa ndani ya chesisi na zikishika kutu zinakuwa kitu kimoja nayo. Msikubali fundi azipige nyundo kubwa, anapinda chesisi. Tulizikata kwa msumeno kutokea ndani, kidogokidogo, mpaka ganda likalegea.

Kabla ya kukata chochote tuliiweka chesisi kwenye stendi zilizosawazishwa kwa pima maji, tukapima ulalo kutoka kona hadi kona, pande zote mbili. Tulipima tena baada ya kila kipande kuchomelewa. Ulalo mmoja ukizidi mwingine gari itatembea kiubavu na tairi zitaisha upande mmoja. Viraka tumetumia bati la milimita 3, na kila pahali tumekata hadi kwenye chuma kinachong'aa. Kiraka juu ya kutu ni kuificha tu, itaendelea kula. Kuchomelea nako ni vipande vifupi kwa kuhamahama, kidogo kulia, kidogo kushoto, ili joto lisikusanyike. Betri na tangi viwe vimetolewa, na pale penye namba ya chesisi pasiguswe kabisa na grinda.

Mdau, Karatu

Mkuu hongera kwa moyo. Ila hiyo 2.25 dizeli utateseka nayo. Ukipanda ukuta wa bonde kutoka Mto wa Mbu kuja huku na mzigo, utapanda na gia ya pili hadi juu. Huku wengi tumeweka injini ya Toyota, ile ya 3L, spea ziko kila duka na kila fundi anaijua. Kwa nini ujitese?

Mleta uzi

Kaka, nakubali kabisa kuhusu mlima. Dizeli ile ilitoka kiwandani na nguvu farasi 62 hivi, kwa gari yenye uzito ule si kitu cha kushindania. Na sina ugomvi na aliyeweka 3L gari ikamlisha familia.

Ninachokataa ni kuanzia hapo. Injini ngeni inahitaji mikono mipya ya kushikilia, kiunganishi cha giaboksi, rejeta ihame, propela ibadilishwe urefu. Vyote hivyo vinachomelewa kwenye chesisi. Sasa kama chesisi imeoza, unaning'iniza injini nzuri kwenye ukuta unaobomoka. Halafu gari inapata mwendo ambao breki na giaboksi yake hazikuundiwa. Na kadi ina namba ya injini, kwa hiyo ukibadilisha lazima TRA wajue, jambo ambalo wengi wanaliruka, likaja kuwasumbua siku ya kuuza.

Kama injini yenyewe imekufa kweli, mimi ningeiangalia 200Tdi, dizeli ya turbo ya Land Rover wenyewe, kabla ya Toyota. Ni ya ukoo mmoja na hii 2.25, kwa hiyo inafunga kwenye giaboksi ya Series bila kuchonga sana. Ile 300Tdi iliyofuata ilisukwa upya, haikai kirahisi. Lakini hata kwa 200Tdi, mguu uwe mwepesi, giaboksi ya Series haikutengenezewa turbo.

Yangu ni ya baada ya 1980, kipindi walichoongeza beringi kuu za krenki kutoka tatu kuwa tano. Hiyo ni injini ya kuvumilia, nikiikuta nzima nitaiacha.

Mdau, Nakuru

Salamu kutoka Nakuru. Nafuatilia kwa makini kwa sababu nina 109 ya mzee wangu, zile zilizounganishwa Thika enzi za Leyland. Chesisi yangu ni safi, lakini bodi imetoa unga mweupe kwenye maungio, hasa chini ya milango na pale madigadi inaposhikana na ukuta. Mekanika ananiambia ni rangi mbaya. Ni kweli? Kuhusu spea, Kirinyaga Road pale Nairobi bado unapata vitu vingi vya Series, ila beba kile cha zamani mkononi mulinganishe, usiende na jina tu.

Mleta uzi

Asante sana ndugu yangu, ushauri wa kubeba kipande mkononi ni wa maana, spea za kuiga za gari hizi zinafanana kwa macho na hazifanani kwenye boliti.

Unga huo si rangi. Land Rover ilipooneshwa mara ya kwanza Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kilikuwa kwa mgao. Rover wakatumia aloi ya alumini kwenye bodi, wakabakiza chuma kwenye chesisi na ukuta wa mbele. Mpango ule ukaendelea miongo na miongo, na Series III iliyotengenezwa 1971 hadi 1985 imeurithi. Alumini ikigusana na chuma na katikati kukiwa na maji, hasa yenye chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Huo unga mweupe ndiyo alumini yako inayoondoka.

Dawa yake ni kuvitenganisha. Fungua maungio, kwangua hadi kwenye alumini safi, paka praima ya asidi ile maalumu ya alumini (praima ya kawaida itabanduka kama ganda), halafu weka ukanda wa mpira katikati kabla ya kufunga tena. Sisi tumekata tyubu za zamani za lori, zinafanya kazi vizuri tu. Ribiti ziwe za alumini. Fundi akija na ribiti za chuma kwa sababu "ni ngumu zaidi", mrudishe dukani.

Na usisahau ukuta wa mbele wenyewe. Unaoza pale dereva anapoweka miguu, kwenye nguzo za bawaba za milango, na chini ya vile vifuniko viwili vya hewa vilivyo chini ya kioo. Majani yanaingia mle, yanaziba, maji yanalala. Huu ukuta ndio unaobeba usukani, pedali na milango, kwa hiyo milango isipofunga vizuri tazama nguzo kabla hujalaumu kitasa. Wangu tumeubadilisha miguu yote miwili na sehemu ya chini ya nguzo ya kulia. Kazi ya kuupanga ilichukua muda kuliko kuchomelea, kwa sababu kila mara tulifunga milango kwanza, tukaangalia nafasi, ndipo tukashika tochi ya kuchomelea.

Fundi umeme, Tanga

Wakuu niongeze la umeme, maana gari hizi zinasingiziwa. Waya nyingi za Series zilifungwa vizuri kiwandani, zikaja kuharibiwa na wanaounga juu kwa juu na nailoni. Rangi zake zina mpango: kahawia ni moto wa moja kwa moja kutoka betri, nyeupe ni wa swichi, kijani ni wa swichi uliopita fyuzi, buluu ni taa kubwa, nyekundu ni taa ndogo, nyeusi ni ethi, yaani njia ya umeme kurudi kupitia bodi. Ukiijua hiyo unafuatilia gari nzima bila kukisia.

Na taa zikiwa hafifu msikimbilie alteneta. Alumini inaota utando, ethi inakufa. Kwangua pale nyeusi zinapofungwa, paka grisi, funga. Ikishindikana vuta waya mmoja mnene kutoka kwenye bodi hadi kwenye chesisi.

Mleta uzi

Fundi, Mungu akubariki. Yangu panya walikula waya zote za kushoto, tumesuka upya kwa rangi hizohizo. Kijana aliyesuka alitaka kutumia nyekundu tupu kwa sababu ndiyo aliyokuwa nayo, nikamwomba asubiri tununue. Atakayeifungua baada ya miaka 20 anastahili kujua waya upi unakwenda wapi.

Breki sasa, na hapa naomba msome polepole.

109 ina dramu za inchi 11 kwenye tairi zote nne. Mbele kila tairi ina silinda mbili ndogo, nyuma moja moja. Nilipofungua dramu ya nyuma kushoto nilikuta lainingi zimelowa oili nyeusi, na silinda imeganda. Gereji moja iliyowahi kuishika gari hii ilikuwa imeshafunga lainingi mpya juu ya uvujaji uleule. Oili ile ni ya difu. Inatembea ndani ya ekseli, inapita sili ya habu iliyochoka, inaingia kwenye dramu. Kabla hujabadilisha sili, tafuta kipumulio kidogo kilicho juu ya ekseli. Kikiziba kwa tope, ekseli ikipata joto hewa haina pa kutokea, inasukuma oili kwenye sili. Changu kilikuwa kimeziba kama jiwe. Ukifunga sili mpya na kipumulio kimeziba, utarudi hapo hapo.

Lainingi zilizolowa oili zisioshwe kwa petroli na kurudishwa. Zikipata joto oili iliyoingia ndani inatoka tena. Tupa. Silinda zote sita tumebadilisha, na mabomba yote ya breki, kwa sababu bomba lililoshika kutu hupasuka siku ile unayokanyaga kwa nguvu zako zote.

Breki ya mkono wengi wanaifikiria iko kwenye tairi. Haiko huko. Ni dramu moja nyuma ya giaboksi ndogo (ile ya 4x4 na gia nzito), inashika propela. Sili ya pale ikivuja, breki ya mkono inalowa. Na ukiivuta gari ikiwa inatembea, nguvu yote inapita kwenye propela na hafu shafti. Hiyo ni ya kuegeshea tu.

Mdau, Moshi

Kaka shikamoo, au habari, sijui umri wako. Baba yetu alifariki akaacha 109 kama hii, ndugu wanataka kuiuza skrepa. Mimi ni binti yake wa kwanza na ningependa tuitengeneze. Kadi ina jina la baba. Nianzie wapi?

Mleta uzi

Marahaba dada, na poleni sana.

Anzia mahakamani kabla ya gereji. Awepo msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa, maana bila yeye hakuna anayeweza kusaini uhamisho, si wa kwenda kwako wala wa kwenda kwa mnunuzi wa skrepa. Waambie ndugu hilo kwa upole, hata hao wanaotaka kuuza linawahusu. Wakati mnasubiri, itoe kwenye udongo, iinue kwenye mawe au magogo, fungua milango ipitishe hewa, toa betri, na funika juu tu. Turubai likiifunika hadi chini linafungia unyevu ndani. Halafu fanya lile la nyundo nililoeleza juu, uje na majibu hapa. Kama mihimili miwili inalia, baba yako ameacha gari.

Mleta uzi

Injini, kama nilivyoahidi.

Injini iliyolala miaka usiiwashe kwa stata. Tulitoa noso zote nne, tukamimina oili nyepesi kidogo kila silinda, tukaiacha siku kadhaa huku tukiongeza. Kisha spana kwenye boliti ya krenki, kusukuma mbele kidogo, kurudisha kidogo. Siku ya kwanza haikutikisika. Iliposogea ilisogea kwa upana wa kidole, ikakwama, ikasogea tena, na baada ya hapo ikazunguka duara zima bila kukwaruza. Tulifungua sampu kutazama beringi, tukaosha, tukafunga. Vali zimewekwa nafasi ya milimita 0.25, zote, za kuingiza na za kutoa. Pampu ya dizeli na noso vimekwenda kwa fundi wa pampu mwenye mashine ya kupimia. Pampu haifunguliwi juu ya meza ya gereji yenye vumbi.

Tangi lilikuwa na tope jeusi, tumebadilisha. Hita plagi, zile za kupasha silinda kabla ya kuwasha, zilitusumbua kwa sababu za zamani zimeungwa kwa mfuatano, moja ikiungua zote zinalala, kwa hiyo pima moja moja.

Imewaka. Moshi mwingi mwanzoni, ukapungua ilipopata joto, oili imepanda vizuri. Inaunguruma kwa ule mlio wa kugongagonga wa dizeli za zamani na mimi nimeridhika nayo kabisa. Haibadilishwi.

Mdau, Karatu

Mkuu nimenyoosha mikono, 2.25 ibaki. Swali la mwisho: tairi unaweka zipi, na ile kirungu cha njano na wenzo mwekundu unavitumiaje? Ya kwetu dereva anavilazimisha mpaka vinalia.

Mleta uzi

Hahaa, karibu sana kaka.

Tairi 7.50R16, saizi ambayo 109 imeizoea. Usinunue kwa kutazama kashata tu. Pembeni ya tairi kuna tarakimu nne za mwisho kwenye namba ya DOT: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi "mpya" iliyokaa stoo miaka 10 ni kuukuu.

Kirungu cha njano unakibonyeza chini kuingiza 4x4 kwenye gia za kawaida, unaweza kufanya hivyo gari ikitembea taratibu na tairi zimenyooka. Wenzo mwekundu ni wa gia nzito. Simama kabisa, kanyaga klachi, uvute nyuma, nayo 4x4 inaingia yenyewe. Kurudi tairi mbili, simama, vuta mwekundu nyuma, kisha usukume mbele moja kwa moja. Njano kitaruka juu. Wengi wanajaribu kukinyanyua kwa mkono, ndiyo maana kinavunjika.

Na mwambie dereva wako asiiache 4x4 kwenye lami. Series III haina difu ya katikati, kwa hiyo kwenye kona ekseli ya mbele na ya nyuma zinavutana, na kwenye lami tairi haziwezi kuteleza ziachie. Usukani ukiwa mzito na gari inajizuia yenyewe, asimame, avute mwekundu nyuma na kuurudisha. Kwenye tope na mchanga aitumie atakavyo.